Blanketi Lililoota Majani

Haya nilisimuliwa na Nyamizi mwenyewe, kiangazi cha mwaka jana, siku walipokuja madaktari wa macho pale Somanda na sisi wazee tukakalishwa kwenye benchi tangu asubuhi. Alikuwa hanioni sawasawa, ila sauti yangu aliijua. Nikamwuliza, "Macho haya umeyamalizia wapi, dada yangu?" Akacheka, akasema, "Kwenye blanketi la Elina." Foleni ilikuwa haisogei, basi akanisimulia yote, nami nayaleta kama nilivyoyapokea.

Ilikuwa wakati ule biashara imefunguliwa, wenye malori wameanza kununua pamba kwa kushindana na ushirika, na mitumba imejaa minadani mpaka watu wanachagua rangi. Nyamizi alikuwa uani anapepeta mtama wakati mumewe Anatoli alipoingia kutoka mnadani, na badala ya kusalimu akasimama anacheka peke yake.

"Unacheka nini, baba Elina? Lori limekuja?"

"Lori bado. Wakwe ndio wanakuja."

Ungo ulimponyoka Nyamizi, mtama ukamwagika, kuku wakaona sikukuu imewafikia.

"Lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo. Nimekutana na mtu wa Kimali kaleta ng'ombe, ndiye kapewa ujumbe. Malimi anakuja kumchukua mkewe na mtoto. Na mama yake anakuja naye."

"Kwandu mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa miguu yake miwili."

Elina alikuwa ndani. Alikuja kujifungulia kwa mama yake mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo kwetu, na sasa mtoto ameshakaza shingo. Aliposikia jina la mama mkwe wake alitoka na mtoto akiwa bado ananyonya, uso umemshuka.

"Mama," akasema, "safari hii nitaondoka na nini?"

Wote walijua anasema nini. Elina alipoolewa alikwenda Kimali na sanduku zuri la ngozi, lenye kufuli mbili zinazong'aa. Watu walilisifu. Kumbe lilikuwa la jirani yao Felisita, wameliazima. Mwezi haujaisha, Felisita akasema naye ana safari, analitaka sanduku lake, akamtuma mtu mpaka Kimali. Nguo za Elina zikamwagwa kitandani mbele ya mawifi, sanduku likaondoka kichwani mwa mtu. Kwandu hakugomba. Alisema tu, "Na wewe je, binti, wewe hawakukuazima?" Neno hilo lilizunguka Kimali nzima, na kila sherehe walilichekea upya.

Nyamizi aliokota ungo wake, akaupiga vumbi.

"Utaondoka na kitu ambacho hakuna mtu atakayekuja kukidai," akasema. "Blanketi. Nitalishona kwa mkono wangu, la vipande, lenye pamba ndani, na hakuna mtu Kimali aliyewahi kuliona la namna hiyo."

"Kwa siku hizi chache?" Joyness, mdogo wake Elina, akaruka. "Mama, tutaweza?"

"Lete mkasi kwanza, maswali baadaye."

Nyamizi aliniambia kwamba dakika ile mikono ilimwasha, kama mtu anayesikia ngoma mbali na miguu inataka kwenda.

*

Siku iliyofuata alikuwa sokoni kwa fundi Dastan, ambaye chini ya cherehani yake vipande vya nguo vilikuwa vimejaa mpaka vinafunika miguu.

"Mwangaluka, fundi. Nimekuja kukufagilia."

"Mwangaluka, mayu," akajibu Dastan; mayu kwetu ni mama. "Usinifagilie. Siku hizi hivi vinauzwa. Soko huria."

"Na mimi mdomo wangu ni soko huria. Nitazunguka soko hili nasema suruali ya mwalimu ilipasuka wapi na mbele ya nani."

Dastan akainua mguu wake. "Chukua, mayu. Chukua vyote. Beba na vumbi."

Alirudi na kiroba kimejaa. Kisha akaanza kwa watu wake. Kwa Anatoli alitaka ile suruali ya kaki aliyokuwa anaivaa zamani alipokuwa mpima mizani wa ushirika. Anatoli aliing'ang'ania, akasema ina heshima. "Ndiyo maana naitaka," akasema Nyamizi, akaivuta. Kwake mwenyewe alikata kanga aliyoolewa nayo. Akakata kaniki ya marehemu mama yake. Elina akaleta gauni la njano la kwaya, ambalo baada ya uzazi halikumpita tena kifuani, na mama yake akaliinua juu kwenye mwanga.

"Hili ndilo jua," akasema. "Litakaa katikati. Vingine vyote vitalizunguka."

Felisita alipita, akasimama mlangoni na ndoo yake. Ni mwanamke ambaye hakuwa na ubaya, ila mdomo wake ulikuwa unafika kabla yake.

"Mama Elina, unashona nini? Kitanda cha mbwa?"

"Blanketi la mjukuu."

"La matambara? Siku hizi? Madukani yamejaa mablanketi ya nje, laini, yana picha ya chui. Mimi mwenyewe nimeshamnunulia mtoto. Nitalileta hiyo Jumamosi, mbele ya wakwe."

"Lete, mama. Mtoto ana pande mbili, atajifunika yote."

Felisita alipoondoka, Joyness akamwigiza anavyotembea na ndoo, na Elina akacheka kwa mara ya kwanza tangu ujumbe ufike. Uani kukawa na raha. Walitandika mkeka, Nyamizi akakata, Elina akapanga, Joyness akatia uzi kwenye sindano. Joyness alikuwa tayari amemfumia mtoto kofia ya sufu, na mawifi wa Elina akawasukia kata za kubebea maji, kila moja na rangi yake. Majirani walikuja kutazama wakajikuta wameshika sindano. Kila kipande kilikuwa na habari yake, na habari ikizaa kicheko sindano ilimchoma mtu, na yule aliyechomwa alichekwa zaidi. Nyamizi alisema hajapata kuona kazi inayokimbia vile. Jioni uso wa blanketi ulikuwa unaonekana kama shamba lililotazamwa kutoka juu ya mlima, na jua lake la njano katikati.

*

Ikabaki pamba ya ndani. Miaka ya nyuma Nyamizi alikuwa anaipata kiwandani, ile iliyokwisha kutolewa mbegu, kwa binamu yake aliyekuwa analinda geti. Sasa kiwanda kilikuwa kimya, na getini alikuwa amekaa kijana asiyemjua hata binamu yake. Pamba iliyokuwa karibu ilikuwa moja tu: ile ya Anatoli.

Magunia ya Anatoli yalikuwa yamepangwa kwenye chumba cha uani, yanasubiri lori. Lori lilisemekana linakuja kesho, na kesho ikawa inasogea. Anatoli aliyalinda kama ng'ombe wenye ndama. Yeye ni mzee wa kanisa, na kwenye mkutano wa chama cha msingi alisimama akawakemea wakulima wanaonyunyizia pamba maji ili iwe nzito mizanini. "Wizi ni wizi," alisema, "hata ukiufanya kwa kata ya maji." Watu walimpigia makofi.

"Nataka pamba kidogo tu ya blanketi," Nyamizi akamwambia.

"Mke wangu, pamba hii isiguswe. Ni safi tupu. Ukitoa humu, mizani itaniumbua."

"Kapu moja tu!"

"Hata konzi."

Akabisha mpaka akatoka jasho. Nyamizi alishangaa, kwa kuwa mumewe hakuwa mchoyo. Alishangaa pia kwamba kila jioni anaingia kwenye chumba kile na ndoo, lakini akadhani ananawa miguu huko ili asiloweshe ua.

Basi Anatoli alipokwenda kuulizia lori, Nyamizi alifumua gunia la nyuma ubavuni, akatoa pamba makapu mawili, akalishona tena kwa uzi uleule. Mkononi pamba ilikuwa ya baridi. "Ni hii sakafu ya udongo," akajiambia. Kuianika juani hakuweza, kwani mwenye pamba angeiona.

Wakajifungia ndani, mama na binti zake, wakaanza kuchambua mbegu kwa vidole. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo anajua. Mbegu ya pamba inang'ang'ania kama kupe. Walichambua huku wakichungulia dirishani, wakisikia hatua za Anatoli wanasukumia makapu mvunguni na kuimba wimbo wa kanisa. Pembe za blanketi zikajazwa, zikashonwa. Likabaki jua la katikati, na hilo Nyamizi alimwachia Joyness, akaenda kumwogesha mtoto.

Joyness vidole vilikuwa vinamuuma. Akatazama kapu la pili, halijaguswa. Akasikia baba yake anakohoa uani. Akaibeba pamba ile na mbegu zake, akaisukumia yote ndani ya jua, akaibonyeza, akashona haraka haraka.

"Umemaliza?" mama yake akauliza. "Na mbegu umetoa?"

"Nimetoa, mama."

Nyamizi alilikunja blanketi, akalitia kwenye sanduku la bati na juu ya mfuniko akalaza jiwe la kusagia ili ubonyeze mishono ilale vizuri. Sanduku akalisukuma karibu na ukuta wa jikoni, mahali pakavu, penye joto la moto. Hakulifungua tena. Alisema alitaka naye alione upya siku hiyo, pamoja na wageni.

*

Jumamosi wakwe walifika jua limepanda kidogo, maana walilala kwa ndugu yao mjini. Nyamizi alikuwa amefagia ua mpaka nje barabarani. Kwandu alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa kitenge kipya cha maua makubwa mekundu ambacho bila shaka kilivaliwa ili kionekane.

"Mwangaluka, ng'wana Ngassa," akasema, kwa kuwa Nyamizi ni binti wa mzee Ngassa.

"Mwangaluka, mayu. Karibuni. Habari za Kimali?"

"Ng'ombe wazima, watu wazima. Tumekuja kuchukua vyetu."

Malimi, kwa heshima ya mama mkwe, hakuingia uani. Alikaa nje nyuma ya ukuta, ameipa nyumba mgongo, na chai yake akapelekewa na Joyness. Kwandu alimpokea mjukuu, akamgeuza, akamtazama masikio na nyayo, akaridhika. Kisha akamtazama Elina.

"Umenenepa. Vizuri. Na safari hii, mkwe wangu, sanduku ni la nani?"

Hapo hapo, kama aliyekuwa anasubiri kuitwa, Felisita akaingia na blanketi lake la chui ndani ya mfuko wa plastiki unaolia. Akalikunjua mbele ya wote. Chui alikuwa na macho ya kijani na meno yote. Mtoto akalia.

"Ni la nje," akasema Felisita.

"Naona," akasema Kwandu. "Hata mtoto ameona."

Nyamizi alikuwa amefurahi kama bibi harusi. Akalivuta sanduku la bati mpaka katikati ya mkeka, akaondoa jiwe. "Hili ni la nyumba hii," akasema. "Hakuna wa kulidai." Akafunua.

Ilitoka kwanza harufu, kama ya shamba baada ya mvua. Kisha wakaona. Lile jua la njano lilikuwa limefura kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa, limeingia madoa, na kwenye mishono yote kuzunguka jua vilikuwa vimechomoza vikonyo vyeupe, vimepinda shingo, vingine tayari vina majani mawili mawili yaliyopauka.

Blanketi lilikuwa limeota.

Felisita alishika mdomo. Kicheko kikapita kwenye vidole. "Mama Elina! Umemshonea mjukuu shamba!"

Elina aligeukia ukuta. Nyamizi alipiga magoti pale, mkono juu ya mfuniko, anaona maneno ya Kimali yanavyokuja: la kwanza liliazimwa, la pili limeoza. Joyness alikuwa analia waziwazi. "Mbegu sikutoa, mama. Sikutoa."

Kwandu alirudisha mtoto kwa mama yake, akainama, akang'oa kimche kimoja, akakitazama mizizi.

"Mbegu peke yake haioti," akasema polepole. "Mimi nimelima pamba tangu sina meno ya mbele. Kiangazi hiki, ndani ya sanduku la bati, haioti bila maji." Akainuka. Akazungusha macho uani mpaka yakamkuta Anatoli, aliyekuwa ameanza kurudi nyuma kuelekea chooni. "Baba Elina. Pamba hii imetoka wapi?"

Anatoli alikohoa. Akatazama angani. "Kwenye... pale... magunia."

"Na magunia yamekunywa nini?"

Nyamizi aligeuka akamtazama mumewe, na ile ndoo ya kila jioni ikamjia machoni. "Anatoli," akasema. "Ulikuwa hunawi miguu?"

"Lori linachelewa," mzee wa kanisa akasema kwa sauti ndogo. "Kiangazi kinakausha. Ukinyunyiza leo, kesho pamekauka. Ni lazima urudie."

Kwandu alianza kucheka. Ilianza kama kikohozi, ikamshika mabega, mpaka akauegemea mti wa kuanikia nguo na kitenge chake chote kikawa kinatikisika. "Mzee wa kanisa! Kila jioni! Sisi Kimali angalau tunatia mchanga, mara moja tunamaliza!"

"Mayu!" sauti ya Malimi ikalia kutoka nyuma ya ukuta. "Mayu, hayo usiseme!"

Hapo hata Elina alicheka. Anatoli naye, baada ya kutafuta pa kujificha na kukosa, akacheka. Nyamizi peke yake hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti.

Kwandu alimwona. Akaacha kucheka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akakaa chini mkekani karibu naye, miguu ameinyoosha.

"Ng'wana Ngassa, mjukuu wangu hatalala shambani. Lakini hizi pembe zako umezishona vizuri, sijapata kuona. Lete wembe. Tunaondoka kesho, leo mchana ni wetu."

*

Walifumua jua lote. Kwandu alishika wembe kama mtu anayechuna mbuzi, bila kuharibu kipande cha jirani. Miche ikatupwa kwa mbuzi, mbuzi wakashukuru. Anatoli aliamriwa na wanawake wawili kwa mpigo kuleta magunia yake yote na kuyamwaga juani juu ya turubai, mbele ya nyumba, mahali kila apitaye anaona.

"Mzee, unaanika nini?" waliuliza wapitaji.

"Pamba."

"Si iliyokwisha kukauka shambani?"

Anatoli aliigeuza kwa reki, jasho linamtoka. Wa tatu alipouliza akajibu, "Naianika tu, ndugu yangu. Pita salama," na yule mtu akaenda akitabasamu, kwa sababu naye ana magunia yake nyumbani.

Pamba iliyotangulia kukauka ililetwa ndani ya kapu. Kila mtu akapewa sehemu yake ya kuchambua. Malimi alipelekewa ya kwake nyuma ya ukuta, na Joyness akawa anapita anakusanya, na kila mara anapitisha vidole kwenye pamba ya shemeji yake. "Shemeji, mbegu hii hapa." "Samahani, mwalimu." Felisita alisimama na chui wake begani, hajui aende au akae. Mwisho Kwandu akamwambia, "Na wewe mwenye sanduku, kaa. Mikono yako si ya nje." Felisita akakaa. Alikuwa na vidole vyepesi kuliko wote.

Pamba ikawa tayari, laini kama povu. Lakini lile gauni la njano lilikuwa na madoa meusi, halifai tena. Nyamizi alitafuta kwenye kiroba cha Dastan, akakosa kipande kikubwa cha kutosha katikati.

"Mkasi," akasema Kwandu.

Kabla mtu hajauliza, alikuwa ameshashika pindo la kitenge chake kipya, ameingiza mkasi.

"Mayu, kitenge kizima!" Nyamizi alimshika mkono. "Tutapata kingine."

"Niachie." Mkasi ukalia kwenye nguo, maua mekundu yakakatika. "Nikienda Kimali na kitenge kina tundu, wataniuliza tundu limetoka wapi. Nitawaonyesha. Halafu nitamsikia nani atakayesema mkwe wangu kaja na kitu cha kuazima." Akamtupia kipande. "Shona."

Nyamizi alishona. Aliniambia machozi yalikuwa yanamwangukia mkononi na sindano inaona yenyewe. Elina alimkalia upande mmoja, Kwandu upande wa pili, wanavuta nguo ikaze, na jua jipya likakaa mahali pake, jekundu.

Walipika ugali na kuku wawili, wakala wakashiba, Malimi akala nyuma ya ukuta wake. Upepo wa kiangazi ukaanza kuvuma wa baridi. Malimi alijinyoosha kivulini, kofia usoni, akalala. Anatoli alilala pembeni ya turubai, reki mkononi. Felisita alikuwa amelala ameketi, chui kamfunika magoti. Joyness na dada yake walilala wamegeuziana migongo, mtoto katikati.

"Hebu nilipime," akasema Kwandu. Alijilaza mkekani, akalivuta blanketi mpaka kidevuni. Akapapasa mishono, akakunja uso kama mpima mizani. "Zito kidogo. Hii kaki ya baba Elina inakwaruza. Na hapa Joyness ameruka mshono, nimeuona." Akageuka ubavu. "Mimi nitakwambia kweli, ng'wana Ngassa, kwa sababu sisi sasa ni ndugu. Tatizo la blanketi lako hili ni kwamba..."

Nyamizi alisubiri. Sindano ilikuwa bado mkononi, tayari kurekebisha. Barabarani lori la pamba, lile lililosubiriwa wiki nzima, lilikuja likapiga honi mbele ya nyumba, mara mbili, mara tatu. Mpima mizani wa zamani hakutikisika. Lori likaondoka.

"Ni kwamba nini, mayu?" Nyamizi akanong'ona.

Kwandu alikoroma. Maua mekundu yalikuwa yanapanda na kushuka kifuani pake. Nyamizi alichomeka sindano kwenye kanga yake isije ikapotea, akaegemeza kichwa ukutani asikie vizuri mkwe wake atakapoendelea, na akiwa bado anasubiri, naye akalala.